Safu ya Kumi na Nne

Kazi yangu ni sufuri na moja.
Ndiyo ni moja. Hapana ni sufuri.
Pasipojulikana naweka tisa,
na tisa Profesa Thibodeau hazipendi:
"Tisa ni uvivu, Maryse. Soma tena."

Tuko chini ya ardhi, Trois-Rivières, mwezi wa pili.
Bomba la joto linakohoa ukutani,
juu yetu gari la kuzoa theluji linaparuza lami
kama mtu akwanguaye ukoko sufuriani.
Mafaili mia moja na kumi na saba.
Wanawake mia moja na kumi na saba, ningesema,
lakini fomu haiwaulizi wao,
yamuuliza aliyeondoka:
Silaha alikuja nayo, au aliikuta jikoni?
Alifunga mikono?
Alichukua kitu cha kukumbukia?
Mwili aliuacha wazi, au aliufunika?

Hiyo ya mwisho ndiyo safu ya kumi na nne.
Akifunika, mashine humsogeza kushoto mwa mchoro,
kwenye kundi tuliloliita Wenye Majuto.
Asipofunika, huenda kwa Wenye Hasira,
au kule juu, nukta chache zilizojitenga: Wapangaji.

Wapangaji. Neno hili hunikwama kooni.
Odile Parenteau, faili la hamsini na tatu,
naye alikuwa mpangaji: ghorofa ya pili, dirisha la uani,
kodi ya Novemba ameshalipa, risiti ipo.
Naye alipanga. Picha namba sita, mlango wa jokofu,
orodha kwa penseli:
unga, nyuzi za bluu, kumpigia Lucette Jumapili.
Fomu haina safu ya nyuzi za bluu.

Safu ya kumi na nne niliijaza Oktoba, bila kusita:
*mwili umefunikwa koti la sufu, la kiume, kijivu.*
Moja.
Na muuaji wake akatulia kushoto,
miongoni mwa waliojuta.

Leo nilikuwa natafuta tarehe tu.
Kurasa mbili zimegandana kwa chai ya askari fulani
aliyekwisha kustaafu, pengine kufa.
Nikazibandua kwa ukucha.
Fernand Lachapelle, mtunza jengo, miaka sitini na mmoja:
"Koti ni langu. Mlango ulikuwa wazi,
na watoto wa ghorofa ya tatu hupita pale kwenda shule.
Najua hairuhusiwi kugusa. Niligusa."

Walimkaripia; hilo limeandikwa.
Koti likawekwa kwenye mfuko, likapewa namba.
Aliliomba kwa barua, ilikuwa Desemba.
Akaliomba tena, Januari, mwaka wa baridi kali.
Barua ya tatu ina mstari mmoja:
"Basi. Kaeni nalo."

Kuna kuficha, na kuna kusitiri.
Aficha aliyetenda, asitiri aliyekuta,
na fomu yetu ina kitenzi kimoja tu.
Majuto ni mjukuu, walisema;
huyu wetu tulimzulia hata babu.

Nikafuta moja, nikaweka sufuri.
Kwenye kioo nukta ikaruka,
ikavuka mchoro mzima, ikatua juu,
na kundi la kushoto likanywea kama mkate ulioingiwa na upepo.

Profesa akavua miwani. Nilitarajia hasira.
Miaka minne ya kazi, makala yameshapangwa chapa.
Akauliza tu: "Na wale wengine?
Nani aliwafunika wengine?"

Safu ya kumi na nne ina moja ishirini na mbili.
Tumeanza upya. Bomba linakohoa.
Faili la tisa: blanketi, la muuaji, alikiri.
Moja inabaki.
Faili la kumi na tisa: shuka la maua.
Shuka la nani? Nimesoma mbele, nimesoma nyuma,
nimeinua kila karatasi kwenye mwanga.
Naandika tisa.

Profesa anaiona.
Hasemi neno.
Anausogeza mdomo wa taa upande wangu.